Noti Yenye Simba

Tatu zilibusu tundu moja,
ya nne ikaenda zake kushoto, kama mgeni
aliyekosea mlango wa msiba,
ya tano hatukuiona kwenye boksi kabisa.

Ndetaulwa akainuka mkekani, akapangusa viwiko,
akanitazama mimi. Hakuitazama bunduki.
Bunduki ni mpya, bado inanuka mafuta ya kiwandani,
imelipiwa kwa ng'ombe wanane
na kibali cha miezi kumi na minne.
Risasi nimezijaza mimi, jikoni Sakina,
usiku, watoto wamelala, feni imezimwa,
kwa mizani aliyoniachia kaka Anaeli
ya enzi zake za kupima tanzanaiti,
mizani inayojua uzito wa kope.

"Mkono wako, shemeji," akasema. Basi.

Sikujibu. Nina daftari,
la shule, la hesabu, jalada limeliwa na mende.
Humo kila ganda lina siku yake ya kuzaliwa:
limesafishwa lini, shingo imekatwa kiasi gani,
fataki za pakiti ipi,
kichwa kimekalishwa kina gani.
Nikarudi nyumbani nikazipima upya zote thelathini.
Hazikupishana hata unywele.

Jumamosi ya pili tukashuka tena Oljoro.
Meru haukuonekana. Matope yaling'ang'ania matairi.
Tukakaza skrubu za darubini. Bado.
Tukausugua mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Bado.
Tukauacha upoe, tukanywa chai ya chupa,
tukazungumzia bei ya mahindi
na yule binti yake aliyegoma kusoma ualimu.
Bado. Mbili za kwanza watiifu,
zinazofuata kuku walioona kivuli cha mwewe.

Anataka kwenda kuwinda mwezi wa saba.
Nikamwambia: pofu hatakuuliza
risasi ilijazwa na nani.
Atalibeba kosa letu tumboni siku tatu vichakani,
na fisi watampata kabla yetu.

Akachokonoa tope kwenye kiatu.
Nikamwomba noti. Akadhani ya petroli.

Nikaichukua ile ya elfu mbili, bila kuikunja,
nikaipitisha chini ya mtutu,
pale mbao inapotakiwa kuukumbatia bila kuugusa,
nikaivuta kurudi nyuma, taratibu.
Ikateleza vidole vinne.
Ikakwama.
Simba wa noti alibaki kichwa nje,
amebanwa kati ya chuma na mti.

Mbao! Mti wa jozi, uliokulia nchi kavu,
umekunywa masika ya Arusha wiki sita kabatini
ukavimba shavu moja.
Mtutu ukipata joto, shavu linausukuma.
Hapo ndipo ya nne inapopotelea.

Jioni ile barazani niliviringisha msasa
kwenye kipande cha bomba la maji,
unga wa jozi ukiangukia kanga yangu,
Ndetaulwa akinimulikia tochi, kimya,
tochi yenyewe ikitikisika kila alipotaka kusema kitu.
Kisha mafuta ya kitani, mara tatu, ili mti usinywe tena.

Jumamosi ya tatu noti ilipita mpaka mwisho
bila kukwaruza.
Nne zikaingia chini ya sarafu ya mia mbili.

"Mkono wako, shemeji," akasema,
maneno yale yale, na safari hii
akanisogezea mkeka.

Ya tano nikapiga mimi.
Ikaenda juu, kulia, vidole viwili.

Nilifumba jicho. Bega liliogopa kabla ya mlio.
Nimeandika hivyo hivyo, kwa peni nyekundu:
ganda la ishirini na tisa, baruti sawa,
mbao sawa, chuma sawa.
Mpigaji.